Koaksia ya zamani au PoE mpya? Anza na waya, kamera itafuata

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina nyumba ninayoikarabati, plasta ya ndani bado haijapigwa. Mbele yake kuna duka langu la vifaa vya ujenzi, na nyuma kabisa ya kiwanja kuna ghala, kama mita 130 kutoka nyumbani. Duka lilikuja na kamera nne za zamani za waya wa koaksia. Picha zake ni ukungu mtupu, mtu humtambui. Fundi wa kwanza anasema ning'oe kila kitu niweke kamera 8 za IP (za waya wa mtandao) za 4K. Wa pili anasema nyaya zangu zinafaa, nibadilishe kamera na DVR (kinasa picha) tu. Za Wi-Fi sizitaki. Nimfuate nani? Na nina diski ya TB 1 imekaa bure, itatosha?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Mafundi wako wote wawili wanaweza kuwa sahihi, lakini inaonekana hakuna aliyefanya kazi ya dakika kumi ambayo ingemaliza ubishi: kufungua ncha ya waya wa zamani na kutazama umetengenezwa kwa kitu gani. Kamera utaibadilisha baada ya miaka michache, DVR pia. Waya ukishazikwa ukutani utakaa na wewe mpaka rangi ya nyumba ibadilishwe mara tatu. Kwa hiyo nitaanza na waya, na kama utaona nimekaa huko muda mrefu, ni kwa sababu malalamiko mengi ninayoitiwa huishia kwenye waya.

Chukua kisu na sumaku. Kata ncha ya koaksia, vua plastiki na ule wavu wa nje, ubaki na uzi mmoja mgumu wa katikati. Ukwangue. Ukiwa mwekundu hadi ndani, ni shaba tupu. Ukitokea weupe chini ya wekundu, ni chuma au alumini iliyopakwa shaba. Sumaku ikinasa, ni chuma. Koaksia yenye moyo wa chuma imetengenezwa kwa ajili ya antena na televisheni ya kebo, ambako mawimbi ni ya masafa ya juu na husafiri kwenye ngozi ya waya, kwa hiyo ganda la shaba linatosha. Mawimbi ya picha ya kamera huanzia masafa ya chini kabisa, na hayo yanataka shaba mwili mzima. Ukifunga kamera mpya nzuri kwenye waya wa namna hiyo, hasa ukiwa mrefu, utapata picha iliyofifia na mistari inayotembea, na utalaumu kamera.

Ukikuta shaba, basi kwa upande wa duka fundi wa pili ana hoja. Kamera za kisasa za analogi, zile zinazouzwa kwa majina ya HD-TVI, HD-CVI na AHD, hupitisha picha ya 1080p na zaidi kwenye koaksia ile ile, na mita 300 hivi si tatizo kwa waya mzuri. Ukungu unaouona huenda hauna uhusiano wowote na waya. DVR nyingi za zamani zilirekodi picha ya pikseli 352 kwa 288. Hata ungempiga mwizi picha kwa kamera ya studio, kwenye rekodi ya ukubwa huo uso wake ungekuwa miraba kumi na miwili. Mwombe fundi huyo aje na kamera moja mpya na DVR moja, aijaribu kwenye kila waya kati ya hizo nne, mmoja baada ya mwingine, mchana na usiku. Akikataa, una jibu lako kuhusu fundi. Na hata waya ukipita jaribio, viungio vya BNC vilivyoko kwenye ncha vikatwe na vifungwe vipya. Vile vya kukazwa kwa skrubu hulegea, na ndivyo chanzo cha picha inayokuja na kuondoka.

Nyumbani ni habari nyingine. Plasta haijapigwa, na nafasi hiyo hutaipata tena kwa bei yoyote. Pitisha paipu, ndani yake uweke waya wa mtandao wa shaba tupu kwa kila mahali unapofikiria kamera, na mahali pengine pawili ambapo hufikirii bado. Kila waya uanzie kwenye kamera na uishie kwenye chumba kimoja, bila kiungio katikati. Weka alama kwenye ncha zote mbili. Hapo funga kamera za IP zinazotumia PoE, yaani waya mmoja unapeleka umeme na kurudisha picha.

Watu hudhani faida ya PoE ni unadhifu tu. Nikusimulie kilichonipata. Mteja mmoja alikuwa na kamera ya volti 12 nje ya geti, iliyopewa umeme kwa adapta iliyokuwa ndani, karibu mita 60 kwa waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba. Kila ifikapo saa moja jioni picha inapotea, inarudi, inapotea. Asubuhi ni nzima kabisa. Nikabadilisha kamera. Ikawa vile vile. Nikabadilisha adapta. Vile vile. Mwishowe nikapanda ngazi mchana na mita ya umeme, nikapima kwenye plagi ya kamera: volti 11.2. Nikafunika lenzi kwa kiganja. Ndani ya kamera kukasikika "tik", kichujio kikahama, taa za infraredi zikawaka, na mita ikashuka hadi 9.5. Kamera ikazima. Ilipozima, taa nazo zikazimika, volti zikapanda, kamera ikawaka, ikajikuta gizani, "tik", ikazima tena. Nilikaa juu ya ngazi nikiitazama ikijiua na kufufuka mara tano, nikijionea haya kwa ajili ya ile kamera nzima niliyoitoa.

Hesabu yake ni nyepesi. Kamera ya wati 6 kwa volti 12 huvuta nusu ampea. Kamera hiyo hiyo kwa volti 48 za PoE huvuta thumuni ya ampea. Mkondo ukipungua mara nne, umeme unaopotea njiani kama joto hupungua mara kumi na sita. Ndiyo maana kiwango cha kawaida cha PoE, 802.3af cha mwaka 2003, hutoa wati 15.4 kwenye swichi (kisanduku kinachogawa mtandao na umeme kwa kamera) na bado huhakikisha wati 12.95 zinafika mita 100 mbele, na kamera nyingi zisizozunguka hazihitaji hata hizo. Kwa zile kamera nne za duka zitakazobaki kwenye koaksia, umeme uwe wa waya mnene na adapta yenye nguvu ya ziada, au adapta isogezwe karibu nazo.

Sharti ni lile lile: shaba tupu. Waya wa mtandao wa alumini iliyopakwa shaba unauzwa kila mahali kwa sura ile ile na maandishi yale yale. Huwa mwepesi mkononi, ukiukunja mara chache unakatika, na ukinzani wake ni mkubwa zaidi kwa zaidi ya nusu. Kwangua kabla boksi halijafunguliwa lote. Waya wa daraja la Cat5e unatosha kabisa kwa kasi, kwa kuwa kamera moja hata ya 4K haifikii megabiti 20 kwa sekunde kwa kawaida. Mimi huchukua Cat6 kwa sababu nyuzi zake kwa kawaida ni nene kidogo, na unene ndio unaobeba umeme. Nje weka wenye ganda linalostahimili jua, na mahali kamera inapofungwa weka boksi la kuunganishia. Plagi ikiachwa ining'inie kwenye mvua, umeme wa PoE huzila pini zake mpaka ziwe kijani.

Sasa ghala. Waya wa mtandao una kikomo cha mita 100, na wewe una 130. Kuna swichi zenye kitufe cha kurefusha hadi mita 250, nazo hufanya kazi kwa kupunguza kasi hadi megabiti 10. Kwa kamera moja ya kawaida zitakuvusha. Kwa ghala lenye mali ya biashara nisingefanya hivyo. Vuta faiba. Utahitaji waya wa faiba uliokwisha kufungwa ncha kiwandani, visanduku viwili vya kugeuza ishara ya umeme kuwa mwanga na kinyume chake, na swichi ndogo ya PoE ghalani yenye umeme wake. Urefu si sababu kubwa ya kwanza. Sababu ni radi. Waya wa shaba unaounganisha majengo mawili huunganisha pia umeme wa ardhi wa majengo hayo, na radi ikipiga karibu, ardhi ya upande mmoja hupanda kuliko ya mwingine, tofauti ile hutafuta njia, na njia ni waya wako, ikipitia swichi, kamera na kinasa. Faiba ni kioo. Hakuna kinachopita ila mwanga. Hakikisha tu ni ile isiyo na waya wa chuma wa kuimarishia ndani, maana nimeona mtu akinunua faiba kwa ajili ya radi kisha akafunga chuma chake kwenye nguzo pande zote mbili.

Kuhusu 4K, hapa ndipo simwafiki fundi wako wa kwanza. Megapikseli ni idadi ya pikseli. Kumtambua mtu kunategemea pikseli ngapi zimeangukia usoni mwake, na hilo huamuliwa na lenzi na umbali. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4 cha mwaka 2014 kiliweka kipimo kinachofaa kukaririwa: pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa picha ili kumtambua mtu usiyemjua, 125 kumtambua unayemfahamu, 25 kujua tu kwamba kuna mtu.

Chukua mlango wa duka, kamera ikiwa mita 5 kutoka hapo. Lenzi ya milimita 2.8, ndiyo inayokuja na kamera nyingi, ina uwazi wa nyuzi kama 100, kwa hiyo kwa umbali huo inaona upana wa karibu mita 12. Kamera ya 4K ina pikseli 3840 kwa upana. Gawa kwa 12, unapata 320. Vizuri. Sasa chukua kamera ya kawaida ya 1080p yenye lenzi ya milimita 6. Uwazi wake ni nyuzi 50 hivi, inaona upana usiofika mita 5, na pikseli 1920 zikigawanywa humo unapata zaidi ya 400. Kamera ya bei ndogo imeishinda ile ya 4K kwa sababu mtu alichagua lenzi. Na ile 4K ikitazama ua kwa umbali wa mita 15 kwa lenzi yake ya 2.8, inabaki na 107, yaani utaona mtu anapita lakini sura yake hutaisema kwa uhakika.

Ongeza na usiku. Kihisi cha ukubwa ule ule kikigawanywa kwa pikseli nyingi zaidi, kila moja hupata mwanga kidogo zaidi. Mimi nikiwa na chaguo, kwa nje huchukua megapikseli 4 yenye kihisi kikubwa kuliko 4K yenye kihisi kidogo. Usitazame picha ya mchana kwenye karatasi ya matangazo. Omba video ya usiku ya mtu anayetembea. Akisimama, kila kamera ni nzuri. Akitembea ndipo unaona uso unavyoacha mkia.

Kwa hiyo gawanya kazi. Kamera mbili za kutambua sura, moja mlangoni mwa duka na moja getini, ziwe na lenzi ya uwazi mwembamba na zisifungwe juu kupita mita 2.5 au 3. Kamera ya mita nne na nusu hupiga picha za kofia. Kamera ya kaunta itazame mikono na droo ya pesa. Zinazobaki ni za kuona nani alipita wapi, hizo ziwe pana. Inayotazama mlango wenye jua nyuma yake iwe na WDR (uwezo wa kuonyesha penye jua na penye kivuli kwa pamoja) ya kweli ya desibeli 120, la sivyo kila anayeingia atakuwa kivuli. Umbo lisikusumbue sana, ila kwa nje naepuka zile za kuba: vumbi likikaa kwenye kuba, mwanga wa infraredi hurudi kwenye lenzi na usiku unakuwa maziwa. Buibui nao wanapenda joto la kamera, na utando mmoja mbele ya lenzi ni pazia jeupe usiku kucha. Ufagio wa mara moja kwa mwezi ni sehemu ya mfumo. Kamera nane si lazima. Kwa maelezo yako mimi nahesabu saba: nne za duka, mbili za nyumba na geti, moja ya ghala.

Kinasa cha kuziunganisha kipo. DVR nyingi za leo ni za mseto: zina milango ya koaksia na pia hupokea kamera kadhaa za IP kupitia mtandao. Nyingi hazina PoE ndani, kwa hiyo swichi ya PoE inunuliwe peke yake, na usome jumla ya wati inazoweza kutoa kwa milango yote pamoja, maana milango 8 haimaanishi kila mmoja utapata wati 15. Soma pia kama inakubali ONVIF, makubaliano yaliyoanzishwa mwaka 2008 ili kamera ya kampuni moja izungumze na kinasa cha nyingine. Yanafanya kazi kwa picha. Mambo ya ziada kama kutofautisha mtu na mbwa mara nyingi hupotea njiani. Jaribu kabla ya kununua zote. Na ikiwa koaksia ya duka itashindwa jaribio la kisu, basi acha mseto, nenda IP tupu na NVR (kinasa cha kamera za IP), na fundi wa kwanza atakuwa ameshinda kwa sababu ambayo hakuitaja.

Diski ya TB 1 haitatosha. Kamera moja inayorekodi muda wote kwa megabiti 4 kwa sekunde hula gigabaiti 43.2 kwa siku. Saba zitakula 302. Diski yako itajaa baada ya siku tatu na saa kadhaa, kisha itaanza kufuta ya zamani. Dukani wizi wa nje utaujua kesho yake asubuhi, lakini mifuko ya saruji inayopungua utaijua siku ya kuhesabu mali. Kama unahesabu kila mwezi, unahitaji siku 30, na hizo ni TB 9 kwa mpango huo. Punguza kwa akili: mbano wa H.265 badala ya H.264 hukaribia kukata nusu, fremu 15 kwa sekunde zinatosha kabisa, na kamera za nyumbani zinaweza kurekodi pale tu kitu kinapotembea. Ya kaunta iache irekodi muda wote. Ukifanya hivyo, TB 6 itakufikisha. Iwe diski ya kazi ya ulinzi, iliyoundwa kuandika mchana na usiku bila kupumzika. Ile yako ya kompyuta itafanya kazi miezi kadhaa, halafu itakufa bila kukuambia, na utagundua siku unapoihitaji.

Ukitaka kuona kwa simu ukiwa mbali, usikubali fundi afungue milango ya ruta kuelekea kwenye kinasa, yaani njia ya mtu yeyote wa intaneti kukifikia moja kwa moja. Oktoba 2016 maelfu kwa maelfu ya vifaa, vingi vikiwa DVR na kamera zilizoachwa na nywila za kiwandani, vilitekwa na programu iitwayo Mirai na kutumiwa kuangusha kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti, na tovuti kubwa zikazimika kwa saa kadhaa huko Marekani na Ulaya. Wenye kamera wengi hawakujua lolote. Badilisha nywila mbele ya fundi, kwa kidole chako, na usimpe mpya. Sasisha programu ya kinasa. Kamera zisiwe kwenye mtandao mmoja na simu za wateja wa duka.

Umeme ukikatika, UPS ndogo yenye betri moja ya volti 12 na saa-ampea 9 itaushikilia mfumo huu wa wati 60 hivi, lakini usitegemee zaidi ya dakika 50, na betri ikizeeka ni pungufu. Ghalani nako panahitaji yake. Kinasa kisikae dukani chini ya kaunta. Mwizi mwerevu huondoka nacho. Kiweke nyumbani, kwenye kabati lenye hewa na kufuli. Kamera ya geti isitazame ndani kwa jirani, na wafanyakazi wajulishwe kwamba wanarekodiwa. Sheria za kurekodi sauti mara nyingi ni kali kuliko za picha, kwa hiyo zima maikrofoni mpaka uulize.

Siku ya kukabidhiwa kazi, usilipe salio mchana. Subiri giza liingie, zima taa za nje, mwambie kijana avae kofia apite getini kwa mwendo wa kawaida kisha aingie dukani. Halafu wewe mwenyewe, fundi akiwa amesimama pembeni mikono nyuma, mtafute kwenye rekodi kwa saa, toa kipande hicho kwenye flashi, ukakifungue kwenye kompyuta nyingine isiyo na programu yao. Angalia saa iliyoandikwa kwenye picha kama inalingana na ya simu yako. Kama uso unaonekana na flashi imefunguka, mlipe.